CRP imepanda kwa mgonjwa wa skizoafektivu: damu inasema nini, na nini haiwezi kusema

Msomaji ameniandikia kuhusu mdogo wake mwenye skizoafektivu, ugonjwa wa akili unaochanganya saikosisi (imani potofu, kuona au kusikia yasiyokuwepo) na sonona au mania (furaha na nguvu zilizopita kiasi). CRP yake, protini ya damu inayopanda mwilini kukiwa na mchochota, yaani kinga ikiwa imeamka, imetoka juu. Nimefupisha barua yake na kuacha yale yanayoweza kumtambulisha:

"Shikamoo daktari. Mimi ni dada mkubwa wa binti mwenye ugonjwa wa skizoafektivu. Ameugua kwa miaka kadhaa. Anatumia klozapini na lithiamu, na kwa sasa ametulia, anafanya shughuli zake. Kwenye vipimo vya mwezi huu CRP imetoka 8.4 wakati karatasi inasema iwe chini ya 5, na chembe nyeupe ziko juu kidogo. Daktari wa kliniki alisema si kitu, hakueleza zaidi. Nimesoma kwamba magonjwa haya yanatokana na mchochota mwilini. Je, damu yake inatuambia ugonjwa unarudi? Tutafute maabara inayopima saitokini zote? Na naweza kumpa diklofenaki ili ishushe huo mchochota?"

Marahaba, dada. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hatari. Usimpe diklofenaki. Usimpe ibuprofeni wala naproksini wala dawa nyingine ya kundi hilo, hata kwa siku mbili tatu, mpaka daktari anayemwandikia lithiamu ajue na akubali. Lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia, haichakatwi na ini. Hutoka mwilini kwa kupitia figo. Dawa hizi za maumivu hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zikipata damu pungufu hurudisha lithiamu mwilini badala ya kuitoa na mkojo. Pengo kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni dogo: wagonjwa wengi hutibiwa kwenye kiwango cha kati ya 0.6 na 1.0 mmol kwa lita, na kikivuka 1.5 dalili za sumu huanza kujitokeza. Mikono hutetemeka kuliko ule mtetemo mdogo wa kila siku, mtu hutapika na kuharisha, huyumba akitembea, ulimi huwa mzito, akili huchanganyikiwa. Kinachonitisha zaidi ni kwamba familia ikiona hayo hudhani ugonjwa wa akili umerudi, ikakazana kumsimamia anywe dawa zake zote bila kukosa, kumbe kinachomsumbua ni lithiamu iliyojaa kwenye damu. Akiumwa kichwa au mgongo, mpe parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Hiyo haina shida hiyo na lithiamu.

Hilo likishaeleweka, tuje kwenye namba yenyewe.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, walipokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller huko New York. Ini huitengeneza linapopokea amri kutoka kwa saitokini, yaani kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupeana taarifa. Saitokini kubwa kwenye amri hiyo ni interleukini-6, ambayo kwa kifupi huitwa IL-6. Mtu akipata maambukizi au jeraha, CRP huanza kupanda ndani ya masaa machache na hufika kilele baada ya siku mbili hivi. Chanzo kikiondoka, kiwango hupungua kwa nusu kila baada ya takriban masaa 19. Kwa hiyo ile 8.4 ni habari ya siku chache kabla ya kuchomwa sindano. Haisimulii miaka aliyougua, wala haitabiri wiki zijazo.

Angalia pia ukubwa wake. Nimonia ya bakteria inaweza kuipeleka CRP juu ya 100. Madaktari wa moyo, wanaotumia kipimo chenye uwezo wa kuona viwango vidogo sana, huhesabu chini ya 1 kuwa hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, kati ya 1 na 3 hatari ya wastani, na zaidi ya 3 hatari kubwa. Ikivuka 10 husema kwanza tafuta kama kuna maambukizi, kisha pima tena. Ya mdogo wako ipo kwenye ukanda wa kati ya 3 na 10 ambao sisi huuita mchochota wa kiwango cha chini: mfumo wa kinga umeamka kidogo, bila homa, bila uvimbe unaoonekana, na mara nyingi bila mtu mwenyewe kuhisi lolote.

Nini humweka mtu kwenye ukanda huo? Mambo mengi, na mengi yake hayahusiani na akili. La kwanza ni uzito. Mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni, hayakai tu kama akiba. Yana chembe za kinga ndani yake na yanamwaga saitokini kwenye damu usiku na mchana. Imekadiriwa kwamba karibu theluthi ya IL-6 inayozunguka kwenye damu ya mtu asiye na maambukizi hutoka kwenye mafuta. Sasa klozapini, pamoja na olanzapini, ndizo dawa za saikosisi zinazoongeza uzito kuliko zote. Kwa hiyo kabla sijaifikiria akili ningekuuliza: ameongezeka kilo ngapi tangu aanze klozapini? Anavuta sigara? Fizi zake zinatoka damu akipiga mswaki? Alipata mafua wiki ile au iliyotangulia? Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au kuna uwezekano wa ujauzito? Analala vipi? Kila moja ya haya linaweza kupandisha CRP peke yake, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo matatu kwa pamoja.

Chembe nyeupe zilizopanda kidogo zina maelezo mepesi zaidi: lithiamu. Dawa hii huchochea uboho utoe neutrofili nyingi, yaani lile kundi la chembe nyeupe linalopambana na bakteria. Jambo hilo linajulikana kwa miongo mingi, kiasi kwamba madaktari wengine huitumia lithiamu kwa makusudi kwa mgonjwa wa klozapini ambaye neutrofili zake ziko chini. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi kuna tafiti nyingi zinazogawa idadi ya neutrofili kwa idadi ya limfosaiti, kundi jingine la chembe nyeupe, na uwiano ukiwa mkubwa huhesabiwa kuwa alama ya mchochota. Ni kipimo kinachovutia maana hakihitaji mashine ya ziada. Namba zote mbili zipo tayari kwenye picha ya kawaida ya damu. Lakini kwa mtu anayetumia lithiamu uwiano huo umeshavurugwa na dawa, na mvutaji sigara naye chembe nyeupe zake huwa juu. Ukijipigia hesabu hiyo nyumbani kutokana na karatasi yake, utapata jibu linalotisha bila sababu.

Nadhani daktari wa kliniki aliyaona haya yote kwa mtazamo mmoja ndiyo maana akasema si kitu. Naelewa, foleni ni ndefu. Lakini ulistahili maelezo, na jibu la "si kitu" ndilo linalowafanya watu waende kutafuta majibu penginepo na kurudi na diklofenaki mkononi.

Lile ulilosoma, kwamba magonjwa haya yanahusishwa na mchochota, lina ukweli, na ni ukweli unaonifurahisha kama mtafiti. Mwaka 1927 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alipewa tuzo ya Nobel kwa kuwatia malaria wagonjwa waliokuwa wamechanganyikiwa kutokana na kaswende iliyoingia ubongoni; homa ilipunguza ugonjwa kwa baadhi yao. Matibabu hayo hayawezi kurudiwa leo, lakini kinga ya mwili na akili ziliwekwa meza moja tangu siku hizo. Baadaye wazo hilo likafifia kwa muda mrefu, likarudi kwa nguvu pale ilipowezekana kupima saitokini kwenye damu.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za saitokini kwa watu wenye skizofrenia. Picha iliyojitokeza ilikuwa na sehemu mbili. Baadhi ya saitokini, IL-6 ikiwemo, zilikuwa juu wakati mtu anaugua kwa mara ya kwanza au amezidiwa tena, na zilishuka baada ya matibabu. Nyingine, kama TNF-alfa na interferoni-gama, zilibaki juu hata mtu alipotulia. Ukiishia hapo unaweza kusema: basi, tumepata kipimo. Lakini mwaka 2016 uchambuzi mwingine uliweka pamoja skizofrenia, baipola na sonona, na ikaonekana mabadiliko yanafanana sana katika magonjwa yote matatu wakati wa kuzidiwa. Damu ilikuwa inasema "huyu anaumwa". Haikuwa inasema anaumwa nini.

Na kwa skizoafektivu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umekaa katikati. Jacob Kasanin aliuelezea mwaka 1933 kutokana na wagonjwa 9 waliokuwa na dalili za saikosisi na za hisia kwa pamoja. Mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili uitwao DSM-5, wa mwaka 2013, unataka mtu awe na kipindi cha sonona au mania kinachokwenda sambamba na dalili za skizofrenia. Awe pia na walau wiki mbili za imani potofu au kuona na kusikia yasiyokuwepo bila ya kipindi hicho cha hisia. Na dalili za hisia ziwe zimechukua sehemu kubwa ya muda wote wa ugonjwa. Ukisoma vigezo hivyo unaona kwamba vinategemea kalenda: nini kilikuja lini, kikakaa muda gani, kikapishana na nini. Hakuna bomba la damu linaloweza kujua kwamba mwaka fulani alisikia sauti kwa wiki tatu akiwa hana sonona. Wewe unaweza kujua, kwa kuwa ulikuwepo. Ongeza na hili: tafiti nyingi huwachanganya watu wa skizoafektivu na wa skizofrenia kwenye kundi moja, na zinazowachunguza peke yao ni chache. Kwa hiyo anayekwambia kuna alama ya damu ya skizoafektivu hasa, mwombe akuonyeshe aliwapimia wapi watu wa skizoafektivu peke yao.

Kuna tafiti zinazokwenda nyuma ya damu ya leo. Katika eneo la Bristol, Uingereza, watoto wamefuatiliwa tangu kabla ya kuzaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti walipima IL-6 za watoto zaidi ya 4,000 walipokuwa na umri wa miaka 9, kisha wakawauliza wakiwa na miaka 18. Matokeo yalitoka mwaka 2014: waliokuwa kwenye theluthi ya juu ya IL-6 utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, karibu mara mbili, wa kuwa na matukio ya kisaikosisi kuliko wa theluthi ya chini. Damu ilichukuliwa miaka tisa kabla, hivyo huwezi kusema dawa ndizo zilizoipandisha. Mwaka 2016 timu ya Steven McCarroll kule Harvard na Taasisi ya Broad ilionyesha kwamba sehemu ya hatari ya kurithi ya skizofrenia imo kwenye jeni la C4, jeni la kinga ya mwili, ambalo bidhaa yake inaonekana pia kushiriki kupogoa sinapsi ubongoni, yaani vile viungio ambavyo neva hupitishia ujumbe.

Njia ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inaunganisha kinga na kile mgonjwa anachokihisi, ni ya triptofani. Hii ni amino asidi tunayoipata kwenye chakula na mwili huitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia. Kinga ikiamka, interferoni-gama huwasha kimeng'enya kinachoielekeza triptofani upande mwingine, igeuke kuwa kainurenini. Ubongoni kainurenini inaweza kwenda njia mbili. Chembe ziitwazo astrosaiti huigeuza kuwa asidi ya kainureniki, ambayo huziba vipokezi vya NMDA, yaani milango ya kupokea ujumbe kwenye chembe za neva. Maikroglia, zile chembe za kinga za ubongo, huigeuza kuwa asidi ya kwinoliniki, ambayo huvichochea vipokezi hivyohivyo. Na vipokezi vya NMDA si vipokezi vya hivihivi: dawa kama ketamini zikivifunga kwa mtu mzima wa afya, huweza kumletea kwa muda hali inayofanana na saikosisi. Watafiti wa Sweden waliikuta asidi ya kainureniki ikiwa juu kwenye maji ya uti wa mgongo ya watu wenye skizofrenia. Hapo unaona jinsi ambavyo kinga, hisia na saikosisi vinaweza kugusana mahali pamoja. Lakini yote hayo yanatokea ng'ambo ya kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo, na CRP ya mkononi haioni huko.

Sasa kwa nini basi nisitumie damu kumsoma mdogo wako? Kwa sababu matokeo haya yote ni ya wastani wa makundi. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, hilo halina ubishi. Lakini nikikwambia kuna mtu mlangoni mwenye urefu wa sentimita 170, huwezi kusema kwa uhakika ni mwanamume au mwanamke. Saitokini za wagonjwa na za wasio wagonjwa zinaingiliana hivyohivyo, tena zaidi. Watafiti wa Australia waliochunguza tishu za ubongo za watu waliofariki walikuta alama kubwa za mchochota kwa takriban watu 4 kati ya 10 waliokuwa na skizofrenia. Yaani wengi wao hawakuwa nazo, na ugonjwa walikuwa nao.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Skizoafektivu huwapata takriban watu 3 kati ya 1,000. Chukulia kuna kipimo cha damu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo: kinawanasa wagonjwa 8 kati ya 10, na kinawasingizia wasio wagonjwa 2 tu kati ya 10. Wapime watu 1,000. Kitawanasa wagonjwa wawili au watatu, na papo hapo kitawanyoshea kidole watu 199 wasio na ugonjwa huo. Kipimo kinachoonekana kizuri kwenye jarida kinageuka mzigo kwenye kliniki. Mwaka 2010 kampuni moja ya Marekani iliingiza sokoni kipimo cha skizofrenia kilichotumia molekuli 51 za kwenye damu. Hakikudumu sokoni.

Kuhusu maabara ya kupima saitokini zote, ushauri wangu ni kwamba msitumie pesa huko. IL-6 hupanda na kushuka ndani ya siku moja, hupanda mtu akifanya mazoezi, hubadilika damu ikichelewa kutenganishwa na kugandishwa. Vifaa vya kampuni tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, na hakuna kiwango ambacho madaktari wa akili wamekubaliana kwamba ukikivuka ubadilishe dawa. Utaletewa karatasi yenye mistari ishirini, minne imepigwa rangi nyekundu, na hakuna hata mmoja utakaobadilisha matibabu ya kesho asubuhi. Kipimo ambacho jibu lake halibadilishi kitu humwachia mgonjwa wasiwasi tu, na wasiwasi unamharibia usingizi, na usingizi ukiharibika kwa mtu wa skizoafektivu huo ndio mlango wa mania ninaouogopa.

Kuhusu kutibu mchochota wenyewe: imejaribiwa, na kwa uaminifu. Watafiti wa Munich walichapisha mwaka 2002 jaribio la kuongeza selekoksibu, dawa ya kushusha mchochota, kwenye matibabu ya skizofrenia, na lilitia moyo. Uholanzi walijaribu aspirini miligramu 1,000 kwa siku wakaona nafuu ya kiasi mwaka 2010, lakini majaribio makubwa zaidi yaliyofuata hayakuipata nafuu hiyo. Minosaiklini, antibiotiki inayodhaniwa kutuliza maikroglia, ilipewa matumaini makubwa. Jaribio la Uingereza lenye washiriki 207 lilitoa matokeo mwaka 2018 na haikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa. Tosilizumabu, inayofunga kipokezi cha IL-6 moja kwa moja, ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache wa skizofrenia waliokuwa na utulivu na haikuonyesha faida.

Jaribio lililonifundisha zaidi lilikuwa la sonona. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwapa infliksimabu, dawa inayozima TNF, watu 60 wenye sonona isiyosikia dawa. Kwa jumla haikuwa bora kuliko dripu isiyo na dawa. Lakini walipowatenga wale walioanza na CRP zaidi ya 5, hao walionekana kufaidika, na wale wenye CRP ya chini walifanya vizuri zaidi bila dawa. Najua ukisoma hivyo utaangalia ile 8.4 na moyo utaruka. Tulia kwanza. Lile lilikuwa kundi dogo lililotengwa baada ya matokeo makuu kushindikana, ugonjwa ulikuwa sonona, na dawa ilikuwa ya kuchomwa hospitalini yenye hatari ya kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kinachobaki ni swali zuri la utafiti: je, kuna sehemu ya wagonjwa ambao kwao mchochota ni sehemu ya chanzo, na hao ndio watibiwe hivyo? Mimi naamini wapo. Siamini kwamba CRP peke yake inatosha kuwatambua. Tafiti za jenetiki zinanitia tahadhari hapo: watu waliozaliwa na jeni linaloifanya CRP yao iwe juu maisha yote hawana hatari kubwa zaidi ya skizofrenia, wanaonekana kuwa na hatari ndogo kidogo. CRP basi ni shahidi aliyekuwepo, si mtuhumiwa.

Kwa mtu anayetumia klozapini, hata hivyo, kuna mahali ambapo CRP ina kazi ya kweli kabisa, na hapa naomba usome taratibu. Klozapini huvunjwa na ini kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Mchochota mkali mwilini, kwa mfano nimonia au maambukizi ya figo, hukizima kimeng'enya hicho kwa kupitia IL-6. Mgonjwa anaendelea na dozi ileile aliyoizoea kwa miaka, lakini dawa inajikusanya, wakati mwingine mpaka mara mbili au zaidi ya kiwango cha kawaida. Utamwona analala kupita kiasi, mate yanamtiririka kuliko siku zote, anapepesuka, na wengine hupata degedege. Sigara hufanya kinyume chake: moshi wake hukiamsha kimeng'enya hicho, na mtu akiacha kuvuta ghafla, labda kwa sababu amelazwa, klozapini hupanda ndani ya siku chache. Kinachofanya hivyo ni moshi wenyewe, si nikotini, hivyo viraka vya nikotini havizuii. Kwa hiyo akipata homa na kikohozi, CRP ikawa 80, piga simu kwa timu yake siku hiyohiyo na uwaulize kuhusu dozi ya klozapini. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Homa au koo kuuma kwa mtu wa klozapini kunadai pia picha ya damu siku hiyohiyo, kwa kuwa mara chache dawa hii huangusha neutrofili kwa kiwango cha hatari. Na katika wiki nne za kwanza za klozapini, kliniki nyingi hupima CRP pamoja na troponini kuangalia misuli ya moyo. Hapo CRP ikivuka 100 ni sababu ya kuisimamisha dawa hata kama mtu hajisikii vibaya sana. Mdogo wako ameshapita huko zamani, lakini likumbuke iwapo ataanzishwa tena baada ya kukatiza.

Kuna hali moja ambapo ningetafuta kinga kwa nguvu zote kwenye vipimo: saikosisi inayoanza ghafla kwa mtu ambaye hakuwa na historia, ikiwa na degedege, homa, miondoko ya ajabu ya mdomo na mikono, au fahamu zinazopanda na kushuka. Hiyo inaweza kuwa ensefalitisi, yaani mchochota wa ubongo, ya kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, iliyoelezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007. Inatibika, na kipimo cha uhakika zaidi ni cha maji ya uti wa mgongo kuliko damu. Historia uliyonieleza haifanani nayo.

Kinachonisukuma nisiidharau ile 8.4 ni moyo wake. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kuliko wengine kwa miaka 10 hadi 20, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni ya moyo, mishipa na kisukari, magonjwa yanayozuilika. Mara nyingi watu hawa huja kliniki mwaka mzima, wanaulizwa kuhusu sauti na usingizi, na hakuna anayewafunga mkanda wa presha. Kwa hiyo namba ile ichukue kama ruhusa ya kudai uchunguzi wa mwili: uzito na mzunguko wa kiuno, presha, sukari ya wastani ya miezi mitatu, mafuta ya damu, meno, na kama anavuta, msaada wa kuacha kwa mpango huku klozapini ikipimwa. Kama uzito umepanda sana, kuna njia za kuukabili bila kuigusa klozapini, na ninasisitiza hilo kwa sababu kuiacha klozapini ghafla kunaweza kurudisha saikosisi kali ndani ya siku chache.

Kuhusu ugonjwa kurudi, dalili zake utaziona kwake kabla hazijafika kwenye damu, na mara nyingi zitafanana na za mara iliyopita. Andikeni pamoja, yeye na wewe, zilikuwa zipi: labda alianza kulala masaa matatu na kuamka ana nguvu, labda alijitenga, labda alianza kushuku simu. Hiyo karatasi, ikiwa na namba ya kupiga ikitokea, ina thamani kwangu kuliko saitokini zote mlizotaka kupima.

Kliniki ijayo, mwombe daktari CRP irudiwe baada ya wiki tatu hivi, akiwa hana mafua wala jeraha. Ikishuka, mmemaliza. Ikibaki pale pale, tazameni uzito, sigara na meno. Ikivuka 10 mara mbili bila sababu inayoonekana, iende kwa daktari wa magonjwa ya ndani atafute maambukizi yaliyojificha au ugonjwa wa viungo. Siku ya kurudia CRP wapime pia lithiamu, figo, na tezi ya shingo. Damu ya lithiamu ichukuliwe yakiwa yamepita masaa 12 tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo kama anakunywa jioni na asubuhi, aende maabara kwanza, anywe akishatoka.